Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Walisema Kairolla alikuwa amelewa. Kairolla, ambaye alitoka jeshini na vidonda vya tumbo na tangu siku hiyo hakutia tone la pombe mdomoni, ambaye kwenye arusi ya mwanangu aliinua bakuli la maziwa ya ngamia, wenzake walipoinua glasi, wakamcheka na yeye akacheka nao. Watu wawili wa tume ya kuchunguza ajali walifika asubuhi kutoka mjini. Wakaenda shambani wakazunguka mabaki ya ndege yake kwa muda ambao mimi hutumia kutia uzi kwenye sindano tatu. Halafu wakaenda nyumbani kwa Sapargali, Mkuu wa kituo chetu cha ndege, ambako kondoo alikuwa ameshachinjwa.

Najua, kwa sababu niliitwa kusaidia jikoni. Mkubwa wao aliwekewa kichwa cha kondoo mbele yake, kama mgeni wa heshima anavyowekewa. Akakata sikio akampa mtoto mdogo wa Sapargali, akakata shavu akala mwenyewe, akasema nyama ni laini. Walipoondoka karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kosa la rubani, inadhaniwa ulevi.

Mimi nimekuwa mshonaji wa mabawa miaka thelathini na moja. Ndege zetu za kunyunyizia mashamba ya pamba zina mabawa mawili juu na mawili chini. Mifupa yake ni ya bati gumu, ngozi yake ni kitambaa. Kitambaa hicho kinakatwa kwa mkono, kinashonwa kwa mkono, kila upana wa vidole viwili fundo moja, kisha kinapakwa rangi ya kukaza mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Nilisoma madarasa manne tu, lakini sijawahi kurudishiwa bawa. Kila ndege ina daftari lake. Fundi anasaini, rubani anasaini, mkuu anasaini. Mshonaji hana mahali pa kusaini.

Siku ya kuanguka niliona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa karakana, naweka kiraka. Ndege nambari kumi na nne, ya Kairolla, ilikuwa inamwaga dawa ya kuangusha majani ya pamba, ile inayomwagwa mwezi wa tisa ili wavunaji wakute pamba peke yake. Ilifika mwisho wa shamba, mahali ambapo pua huinuka ili ipite juu ya miti ya mfereji. Pua haikuinuka. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, haikukohoa hata mara moja, ilinguruma hivyo hivyo mpaka chini.

Niliwaambia tume hilo neno la injini. Yule wa kichwa cha kondoo akaniambia, kwa jina ambalo kwetu huitwa mama mtu mzima, "Apa, tuletee chai."

Siku ya sita baada ya mazishi Sapargali aliniita ofisini. Alikuwa anakata kucha kwa kisu kidogo.

"Apa, bawa la juu la kumi na nne lina kitambaa kizima. Nenda ukakivue. Kitambaa kipya hakiji mpaka masika, kama kitakuja."

"Unataka nimvue marehemu nguo."

"Nataka uvue mali ya kituo. Marehemu ameshavishwa za kwake."

Nilikwenda. Ulikuwa mwaka wa tano tangu ile nchi kubwa tuliyokuwa sehemu yake ivunjike, na kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa kimevuliwa kutoka kwenye kitu kingine. Dereva wa trekta alinifikisha, akakaa pembeni kuvuta sigara akiwa ameigeuzia ndege mgongo. Nilianza na mkasi kwenye bawa, nikifumua mafundo yangu mwenyewe moja baada ya jingine. Niliyatambua yote. Nilipofika ubavuni pa ndege, mahali ambapo bati lilikuwa limepasuka, nikaona waya.

Waya huo wa chuma, uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba kama kamba, unatoka kwenye usukani wa rubani, unapita nyuma ya tangi la dawa, unazunguka kapi, unakwenda hadi mkiani. Rubani akivuta usukani, mkia unatii na pua inainuka. Waya ukikatika, rubani anavuta hewa. Zipo nyaya mbili, sambamba, ili moja ikifa nyingine ibaki. Zote mbili zilikuwa zimekatika mahali pamoja, penye kapi.

Mimi si fundi. Lakini nimekaa na nyuzi maisha yangu yote, na uzi uliochakaa haufanani na uzi uliokatwa. Kitu kikikatwa kwa kishindo ncha zake zote zinang'aa. Hizi, nyuzi chache tu zilikuwa zinang'aa. Nyingine zilikuwa nyekundu kwa kutu, zimekatika moja moja, siku baada ya siku, zimesimama kama ufagio wa kizee. Na zilikuwa na uji wa rangi ya kijivu, vumbi la dawa limegandana na mafuta. Nilimwomba dereva koleo, nikakata kipande cha urefu wa kiganja, nikakitia mfuko wa aproni.

Kesho yake ilikuwa siku ya saba ya Kairolla. Mapema nilikanda unga, nikasukuma mikate saba myembamba ya marehemu, nikateka mafuta ya mkia wa kondoo kwenye mtungi nikayatia kwenye karai. Yalipoanza kupata moto, harufu ikapanda. Nikasimama na mkate mkononi. Harufu ile ilikuwa imelala kwenye aproni yangu tangu jana.

Nilitoa kipande cha waya. Nikachovya kidole kwenye mtungi, nikaonja. Kisha nikapangusa waya mahali ambapo dawa haikufika sana, nikagusisha ulimi. Nikatema, nikasukutua mdomo mara tatu. Chumvi. Chumvi yangu.

Mwezi wa tatu Tursyn, fundi wetu, alikuja na kopo tupu. Grisi haikuwa imeletwa tangu mwaka wa jana, na Sapargali alikuwa amemwambia atafute chochote chenye utelezi. Nilimtekea mafuta ya mkia, yale ya mnyama tuliyemchinja kwa ajili ya majira ya baridi. Na mafuta ya baridi mimi nayatia chumvi ya mawe, konzi mbili kila karai, kama mama yangu alivyotia, ili yafike kiangazi bila kuchacha. Nilijua anakwenda kupaka nini. Nilimtania hata, nikamwambia ndege zitanenepa mpaka zishindwe kuruka. Nyumba nzima tulicheka.

Mwanangu Marlen aliingia akifunga vifungo vya shati la kazi. Ana miaka thelathini na mbili, naye ni rubani, na jioni hiyo hiyo, upepo ukishatulia, ilikuwa zamu yake kuruka na nambari kumi na saba. Ile iliyopakwa kopo lile lile.

"Mkate unaungua, Apa."

"Leo huruki."

"Mkuu amesema hekta mia mbili kabla ya mvua."

Nikamwekea waya mezani. Nikamweleza yote, mafuta, chumvi, kapi. Alisikiliza akikuna shingo. Akaukunja waya, nyuzi mbili zikavunjika zenyewe zikamchoma kidole.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi mwambie fundi afungue. Mimi siwezi kukataa, Apa. Kairolla hata hajapoa wanamwita mlevi. Nikikataa leo, kesho nitaitwa mlevi na mwoga."

"Mwoga anakula chakula cha jioni."

"Na watu wanamwangalia akila." Akachukua mkate mmoja kati ya saba, ule ulioungua, akatoka nao. Ilibidi nisukume mwingine.

Tursyn nilimkuta amekaa chini ya bawa la kumi na saba, spana mapajani, hafanyi kitu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, na tangu wakati huo ananiita shemeji.

"Umekuja kunipiga, shemeji?"

"Bado. Mafuta niliyokupa yana chumvi."

Aliangalia kipande cha waya mkononi mwangu bila kukigusa. Nikaona hakushangaa. Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli, maana kama angeshangaa ningemhurumia.

"Ulijua."

"Niliona rangi ya kutu kwenye kapi la kumi na nne mwezi wa sita. Nikamwambia Mkuu. Kulifikia inabidi kushusha tangi la dawa, kazi ya siku mbili, na waya wa kubadilishia hakuna. Akaniambia, funga macho mpaka pamba iishe."

"Na wewe una macho ya kufunga na kufungua kama duka."

"Nina mke mgonjwa na nyumba ya kituo."

"Kairolla naye alikuwa na nyumba ya kituo. Kwenye daftari uliandika nini? Mafuta ya kondoo?"

Akainamisha kichwa. "Niliandika grisi. Mkuu alisema niandike grisi."

"Shusha tangi la hii."

"Bila amri siwezi, shemeji."

"Jioni mwanangu anapanda humu."

"Najua nani anapanda," akasema, akaishika spana. Lakini hakuinuka.

Mchana tukakusanyika kwa Zauresh, mjane wa Kairolla. Dua ikasomwa, mikate saba ikagawiwa. Sapargali alikuwa amekaa mahali pa juu, penye mito mingi, mbali na mlango, na alikuwa anasimulia jinsi Kairolla alivyokuwa rafiki yake, ingawa, akasema huku akitafuna, mtu ana udhaifu wake. Wanaume wakaangalia kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni. Zauresh alikuwa amekaa karibu na birika anamimina chai, nami niliona mkono wake umesimama hewani.

Nikaweka waya juu ya kitambaa, katikati ya mikate.

"Udhaifu wake ni huu," nikasema.

Sapargali akatabasamu. "Apa, leo ni siku ya dua. Vyuma tutaongea ofisini."

"Ofisini utakata kucha. Kairolla hakulewa. Alivuta usukani na nyaya zote mbili zilikuwa zimekatika. Zilikatika kwa sababu zilioza, na zilioza kwa sababu zilipakwa mafuta yenye chumvi badala ya grisi, kwa amri yako, na kwenye daftari ukaamuru iandikwe grisi."

Mtu mmoja akakohoa. Sapargali akaweka bakuli lake chini taratibu, akaniangalia kwa huruma, na huruma ya mtu yule ni kitu cha kuogopwa.

"Mafuta gani hayo, Apa? Yalitoka kwa nani? Waambie watu. Mwambie na Zauresh hapo alipo."

Alidhani nitanyamaza. Alinihesabu kama alivyomhesabu Tursyn. Sikatai, ulimi ulikuwa mzito. Zauresh nilimshonea nguo ya arusi.

"Yalitoka kwangu," nikasema. "Ni ya mtungi ule ule niliokaangia mikate hii. Niliyatia chumvi kwa mkono wangu, nikayatoa nikijua yanakwenda kwenye ndege, wala sikufikiri hata kidogo. Zauresh, mwanangu, hilo ni langu na silikwepi. Lakini kumi na saba imepakwa mafuta hayo hayo na inaruka leo. Mkuu, amuru ishushwe tangi."

"Kumi na saba imesainiwa," akasema Sapargali. "Bibi wa darasa la nne hatanifundisha ndege. Marlen, utaruka au nimtafute mwanamume mwingine?"

Marlen, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nitaruka."

Zauresh akachukua bakuli la Sapargali. Kwetu chai humiminwa nusu bakuli, ili mgeni arudishe tena na tena na mazungumzo yaendelee. Bakuli likijazwa mpaka ukingoni, mgeni anajua anaambiwa anywe aende zake. Zauresh alimimina polepole, chai ikapanda, ikafika ukingoni, ikasimama pale ikitetemeka. Akamsogezea Sapargali. Sapargali akaliangalia bakuli, shingo ikamvimba, akainuka akatafuta viatu vyake.

Kisha Zauresh akavuta bakuli langu. Akalijaza vivyo hivyo, mpaka ukingoni, akanisogezea bila kuinua macho.

Nilikunywa yote, maana kuacha kungekuwa kumtukana. Iliniunguza koo. Nikachukua waya wangu nikaondoka.

Sikwenda nyumbani. Nilipita karakana nikachukua kigoda changu, kastabini, sindano ndefu, na kisu cha kukatia kitambaa, kile chenye mpini wa pembe nilichokinoa miaka yote hiyo mpaka kikawa chembamba kama jani la tete. Kumi na saba ilikuwa imesimama uwanjani, tangi limeshajazwa, inanuka dawa. Marlen alikuwa anavaa kofia. Tursyn alikuwa upande wa pili na daftari. Sapargali alikuwa anatembea kuja, wanaume wa kwenye dua nyuma yake.

Nilikwenda kwenye bawa la chini la kushoto. Kitambaa kile nilikishona mwezi wa pili, siku kumi na moja, na baridi ya mwezi ule ilikuwa inanikausha vidole mpaka vinapasuka. Nilikigonga mara moja kwa kucha. Kikalia vizuri. Nikachoma kisu karibu na ukingo wa mbele, nikavuta kuelekea nyuma kwa nguvu zangu zote. Kilipasuka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, maana sikuwahi kukipasua. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Mifupa ya bawa ikaonekana.

"Umeingiwa na wazimu," Sapargali akasema. Alikuwa amesimama hatua tano na hakusogea zaidi, kwa sababu ya kisu. "Umeharibu ndege. Nitaita polisi."

"Waite. Waambie waje na mshonaji."

"Shona hilo bawa."

"Nitalishona." Nikaweka kigoda chini ya bawa, nikakaa, nikatia uzi kwenye sindano, nikaichomeka kwenye kola yangu. "Nitalishona tangi likiwa chini. Kutoka hapa mpaka mjini hakuna mkono mwingine unaojua kazi hii, uliwafukuza wote. Mwenzangu wa mwisho sasa anauza mbegu za alizeti sokoni. Mimi nina subira, Mkuu. Nilimngoja mume wangu miaka saba arudi kutoka migodini. Wewe una mvua inakuja."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Sapargali akageuka kumtafuta, hakumwona.

"Tursyn," akasema. "Mwondoe huyu mwanamke."

Tursyn alikuwa anaangalia bawa lililopasuka. Nilipokuwa nalishona bawa hilo alikuwa ananiletea chai. Akafungua daftari, akaliangalia, akalifunga, akaliweka juu ya gurudumu. Kisha akaokota spana.

"Shemeji, sogeza kigoda kidogo," akasema. "Nataka kupitisha jeki."

Marlen akavua kofia akaenda kumsaidia. Halafu wanaume wawili wa kwenye dua wakakunja mikono ya mashati ya siku ya ibada. Tulikuwa tumeambiwa kazi ya siku mbili. Watu wakiwa na hasira tangi linashuka kabla jua halijazama.

Tursyn aliingia kwa tumbo akiwa na kitambaa cha pamba mkononi. Hivyo ndivyo waya unavyopimwa. Unaufunga kitambaa, unakitembeza, na mahali palipokatika uzi hata mmoja kitambaa kinanasa. Tulikisikia kikinasa. Kikachanika. Akatoka kinyumenyume, akampa Marlen tochi, naye akaingia. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa na rangi ya majivu, akakaa chini palepale kwenye vumbi la dawa na suruali safi.

"Mmoja umeisha," akasema. "Wa pili umebaki nyuzi sita. Nimezihesabu, Apa. Sita."

Sapargali alikuwa ameshaondoka. Gari lake tulilisikia.

Nilimwambia Tursyn alete daftari la kumi na saba na la kumi na nne. Akaandika kwa mkono wake alichokiona, akafuta neno grisi, akaandika mafuta ya kondoo yenye chumvi, kwa amri ya mkuu, akasaini. Marlen akasaini. Kisha nikachukua kalamu. Tursyn akasema hakuna mahali pangu. Nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa shuleni, jina langu, Ulbosyn, mshonaji, na chini yake: mafuta yalikuwa yangu. Daftari la kumi na nne Marlen alilipeleka mjini mwenyewe kwa basi. Wakampa risiti ya kulipokea. Mpaka leo wana daftari na sisi tuna risiti, na karatasi ya tume bado inasema ulevi. Kila mwezi nakwenda kuuliza. Wananijua sasa, wakiniona wananiletea kiti, nami nawaambia sikuja kukaa.

Bawa nilishona, siku kumi na moja. Nyaya zililetwa baada ya mvua kunyesha na nusu ya pamba kuoza, na hapo ndipo wakubwa walipotambua kuwa nyaya zilikuwepo ghalani mjini muda wote.

Siku ya arobaini ya Kairolla nilikwenda na mikate, nimeikaanga kwa mafuta ya kununua. Zauresh aliipokea, akanipa nafasi ya kukaa, akanimiminia chai mpaka ukingoni. Nikainywa yote, nikamshukuru, nikavaa viatu. Dua ya mwaka nitakwenda tena.